Beseni la Matoleo

Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Iringo anauza dagaa katika soko la Mwigobero, na Biblia yake imejaa magamba. Kila somo lazima alifikishe kwenye sakramenti. Naamani akijichovya Yordani, anagonga ukurasa kwa kidole: "Ubatizo huo, jamani!" Mana ikianguka jangwani: "Ekaristi hiyo!"

Jumapili iliyopita Injili ilisema uache sadaka yako, ukapatane kwanza na ndugu yako. Hakugonga kitu. Wakati wa matoleo alitangulia na beseni lake la dagaa, akalitua katikati ya kanisa, padre akisubiri, akaenda moja kwa moja hadi kwa Boke, jirani yake wa sokoni waliyenuniana naye tangu Krismasi.

"Njoo tulishike wote," akamwambia. "Peke yangu halibebekagi."