Boliti Zilizofungwa Hewani

Wanaosema hasira hasara hawajawahi kumwona kaka yangu akifanya kazi na hasira zake. Mimi humwona kila siku kupitia dirisha la duka langu la vipuri, lililobanana na gereji yake. Anapima vizuri, anafunga vizuri, na akikutukana anakutukana vizuri. Mtaa mzima unamwita Kaa. Ubao wa gereji umeandikwa hivyohivyo kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe, na wageni hudhani ni mzaha. Si mzaha. Ni kidonda ambacho amekataa kukifunga bandeji ili kila mpita njia akione.

Jina alilipata kwa Mzee. Mzee alikuwa na gereji kubwa barabara ya pili, na ndiye aliyemfundisha kaka kazi tangu hajui spana inashikwa upande gani. Alikuwapo pia mtoto wa Mzee, wa rika la kaka, ambaye watu walimwita Bingwa kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyojiita na kubishana naye kulichosha. Wawili hao walipewa gari la dereva mmoja aliyetaka likae chini, tumbo karibu liguse lami. Kaka akafanya mbele, Bingwa akafanya nyuma.

Haukupita muda, bushi za nyuma, ile mipira inayoshika ekseli, zikachanika. Ekseli ikasogea, upande mmoja ukatangulia mwingine, gari likawa linakwenda mbele huku limeelekea pembeni, kama kaa. Kwenye kona likashindwa kurudi, likagonga ukuta, na yule dereva akavunjika nyonga. Mzee alipouliza nani aliyefunga mikono ya ekseli, Bingwa aliwahi kujibu: "Ni yeye." Kaka akasema si yeye. Hakuna aliyekuwa chini ya gari isipokuwa wao wawili. Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama kaka, kisha damu ikawa nzito kuliko maji. Alisema mbele ya mafundi wote: "Huyu si fundi, huyu ni kaa. Anayatembeza magari ya watu upande."

Wakacheka. Jina likatoka na kaka mlangoni na halikurudi tena ndani.

Lingeishia kwake tungelivumilia. Lakini mama yetu naye akawa Mama Kaa. Sokoni Mama Kaa, zahanati Mama Kaa, kwenye foleni ya maji Mama Kaa. Mwanamke aliyekuwa akiitwa kwa jina zuri la mtoto wake wa kwanza, jina alilolichagua mwenyewe na kuligombania na mawifi, akazeeka akiitwa mdudu. Siku ya kumzika nilimsikia mtu akimwelekeza mwenzake njia: "Ni pale, kwenye msiba wa Mama Kaa." Nilitaka kumtafuna mtu yule na viatu vyake. Tangu siku hiyo mimi na kaka tulikuwa tunangoja.

Basi asubuhi moja likaingia uani gari jeusi, limeshushwa, limetiwa injini kubwa kuliko ile lililozaliwa nayo, rimu zinang'aa. Lilikuwa linatetemeka hata likitembea taratibu. Akashuka Mzee, sasa goti lake bovu na mwendo wake wa kuombaomba. Ndani, nyuma ya usukani, Bingwa alibaki na miwani yake myeusi, anaangalia ukuta.

"Mwanangu," Mzee akamwambia kaka, "nimekuja kukuomba. Mteja amelirudisha hili gari na kulirudisha. Tumebadilisha tairi, tumebalansi, tumebadilisha propela ya kupeleka nguvu nyuma. Linatetema palepale. Mteja wa leo ni mtu mwenye kelele, akituharibia jina tumekwisha."

Kuharibiwa jina! Nilicheka kwa sauti, nikatoka dukani na kumvuta kaka kando.

"Wafukuze," nikamwambia. "Au usiwafukuze. Litengeneze nusu, nusu iliyobaki mwachie Mungu."

"Likianguka ataumia mteja. Mteja simjui."

"Unamtaka nani?"

"Namtaka Bingwa. Akiwa mzima, na baba yake akimwangalia." Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole baada ya kidole. "Dada, nenda barabara ya pili. Waite wale wazee wa kazi waliokuwapo siku ile. Waambie Kaa anapima ekseli ya Bingwa, waje wajifunze."

Sikufunga hata duka. Nilikwenda mbio na ndala zangu, na mafundi, kama ujuavyo mafundi wakisikia mwenzao ameshindwa, walifika kabla yangu.

Kaka alianza kwa kuliendesha. Bingwa alikaa pembeni yake, nami nikaingia kiti cha nyuma bila kualikwa. Mwendo ulipopanda, gari lilitutikisa hadi meno yakagongana.

"Unausikia mtetemo wapi?" kaka akauliza.

"Kila mahali," akasema Bingwa.

"Hapana. Shika usukani. Umetulia. Mtetemo uko kwenye makalio, kwa hiyo ugonjwa uko nyuma." Akatoa gia, gari likaachwa lijiendee lenyewe, injini imeshuka sauti. Mtetemo ukabaki. "Si injini." Akarudisha gia, akakanyaga mafuta, mtetemo ukazidi. Akaachia, ukapungua na kubadilika mlio. "Hiyo ni propela inakutana na difu pale kwenye ekseli kwa pembe mbaya. Mmelishusha gari, pua ya difu ikainuka, na hakuna aliyeishusha. Na tazama usukani wako, ili twende moja kwa moja lazima niukunje kulia. Hilo ni jambo la pili."

Tuliporudi alihamisha magurudumu ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, akaliendesha tena. Mtetemo haukuhama na magurudumu, ulibaki nyuma palepale. Mafundi wakaanza kutikisa vichwa. Wengine wao walikuwa wamekwisha kuliona gari lile wiki hiyo, na kila mmoja alikuwa ameuza tairi.

Kisha akatoa kamba yake. Ni kamba ya kawaida ya mwashi, nyeupe iliyochakaa. Aliifunga kwenye vigingi vya chuma, mstari mmoja kila upande wa gari, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, akaisogeza hadi mistari yote miwili ikawa sawa kabisa na kiwiliwili cha gari. Halafu akaenda na rula kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye kamba, mbele ya gurudumu, nyuma ya gurudumu. Aliita vipimo kwa sauti ili kila mtu asikie. Gurudumu la kushoto nyuma lilikuwa limetangulia la kulia, na yote mawili yalikuwa yanatazama pembeni.

"Linatembea kama nani?" kaka akauliza uwanja.

Nilikuwa na jibu kinywani, nikalimeza.

Akalipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Bushi za mikono ya ekseli zilikuwa mpya, mpira bado una weusi wa dukani, lakini zilikuwa zimejikunja kama nguo iliyokamuliwa na mbili zimechanika. Mzee aliinama akazigusa.

"Zimechanikaje? Si mpya hizi?"

"Tubadilishe kwanza, Mzee," kaka akasema. "Maswali yatakuja yenyewe."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo roho ya jambo ilipo. Mkono wa ekseli unashikwa na bushi, na bushi ni mpira ndani ya chuma. Boliti ikikazwa, mpira unakamata palepale ulipo. Ukikaza gari likiwa hewani, siku zote mpira utakumbuka hewani. Ukilishusha chini unajikunja, kila shimo la barabara linauvuta, mwisho unachanika na ekseli inakwenda inakotaka. Kwa hiyo unazifunga boliti kwa mkono tu, unalishusha gari likae juu ya magurudumu yake, unaingia shimo la gereji chini yake, ndipo unakaza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeyafundisha haya, na kaka angekaza boliti za nyuma hewani siku atakayovaa suruali kichwani.

Bushi mpya Bingwa alizinunua kwangu. Bei niliyomtajia siisemi. Kaka akazitia, akarekebisha urefu wa mikono mpaka kamba ikasema pande zote ziko sawa, akaishusha pua ya difu ikaelekeana na propela. Boliti akazipandisha kwa vidole tu. Kisha akatoka chini ya gari, akamnyooshea Bingwa spana.

"Mteja ni wako," akasema kwa upole ambao mimi dada yake niliuogopa. "Malizia wewe. Isije kesho mtu akasema aliyefunga ni Kaa."

Bingwa akaona uwanja mzima unamwangalia. Alivua miwani, akakunja mikono ya shati, akaingia chini. Mazoea yana taabu. Alitia bomba refu kwenye mpini wa spana, akakaza ya kwanza hadi ikalia. Akakaza ya pili. Magurudumu yalikuwa yananing'inia palepale juu ya sakafu.

Mafundi walianza kuliona mmoja baada ya mmoja. Mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Mzee alikuwa ameona mapema kuliko wote, mdomo ukafunguka. Kaka akainua kiganja.

"Mwache amalize, Mzee."

Alimaliza. Akatoka na vumbi mgongoni na tabasamu. "Tayari! Lishusheni!"

Hakuna aliyeisogelea jeki.

"Umekaza hewani," Mzee akasema.

"Ee. Kwani vipi, baba? Si ndivyo ninavyokaza siku zote?"

Siku zote. Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake kipana, mbele ya watu walewale. Nilimwona akilisikia baada ya kulisema. Aliitazama spana mkononi kana kwamba ni mtu mwingine aliyeiweka pale.

"Na gari la yule dereva?" Mzee akauliza.

Bingwa akawatazama mafundi, wote, akitafuta mtu wa kumsingizia. "Baba, tulikuwa vijana," akasema.

Nilipiga kigelegele. Wapo walioniambia baadaye kwamba si uungwana kumpigia kigelegele mtu anayeaibika. Uungwana wangu ulizikwa pamoja na mama.

Kaka hakucheka wala hakupiga kelele. Alimwambia Bingwa arudi chini, alegeze boliti zote alizozikaza. Gari likashushwa, likasukumwa juu ya shimo, na Bingwa akaingia shimoni na kuzikaza upya, mafundi wameinama pande zote wakimwangalia kutoka juu. Kila boliti kaka aliuliza, "Gari liko wapi?" na kila boliti Bingwa alilazimika kujibu, "Liko chini." Alijibu hivyo hadi ya mwisho. Kisha kaka akaliendesha mwenyewe barabarani, akarudi akiwa ameshika usukani kwa kidole kimoja. Gari lilikuwa limetulia kabisa.

Hapo Mzee akamsogelea. Alimwita kwa jina lake, lile la mama, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu wa mtaa ule tangu nikiwa msichana. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilichagua vibaya."

Kaka aliiangalia ile mikono, hakuishika. "Mimi naitwa Kaa, Mzee. Ubao huo hapo, jina silifuti. Wateja wangu wamelizoea. Hilo jina jingine ulilolichafua si langu, ni la mama. Kamrudishie yeye."

"Mama yako ni marehemu."

"Najua alipo. Na dada anajua."

Nilimpeleka mchana uleule, kwa miguu, kwa sababu gari la kuendeshwa na mwanawe alikataa kulipanda. Jua lilikuwa kali na goti lilimsumbua, nami sikupunguza mwendo. Makaburini nikamwonyesha. Alipiga magoti kwa shida, kiungo kikalia, akamsalimu mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani, jina kamili, akalirudia. Akamwambia kwamba kaka hakufanya kosa na kwamba aliyefanya ni mwanawe yeye Mzee. Alisema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Alikuwa ameanza kuwa kiziwi."

Akasema kwa nguvu, mpaka waliokuwa wakifyeka nyasi upande wa pili wakageuka. Alipomaliza, alinyoosha mkono nimsaidie kuinuka. Nilimwacha hapohapo chini kwa muda, nikalisafisha kaburi la mama majani yaliyoanguka, yote, hadi la mwisho. Ndipo nikampa mkono.