Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Kabla ya besi kuingia, kanda ya kaseti ilikuwa na mvumo wake, shshsh, sauti ya mahindi makavu yakimiminwa kwenye turubai. Mvumo huo ndio ninaokumbuka kwanza nikiwaza nyumbani kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, huko Misikhu. Kwetu mjomba tunamwita khocha. Khocha Wekesa alikuwa fundi wa baiskeli na aliipenda albamu moja ya rege, ya zamani kuliko mimi, kiasi kwamba wateja wake walijua maneno yote bila kujua Kiingereza. Mama aliuita muziki wa wavuta bangi, lakini hata yeye nilimsikia akiuimba kichinichini akikoroga ugali. Siku hizi vijana hunieleza habari za rege kana kwamba ilianza juzi kwenye simu zao. Nimechoka hata kubishana nao.

Agosti ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kaka yangu Wafula alikuwa anatahiriwa. Tulikaa Kitale, lakini mila haijui umbali. Siku moja kabla ya kisu, mvulana lazima aende kwa khocha wake, achinjiwe, avishwe shingoni ukanda wa nyama ya kidari, akaripiwe mbele ya watu ili moyo wake ukae sawa. Mama wa mvulana hubaki nyumbani kuwapikia wageni. Mama alikuwa hajaenda kwao karibu mwaka mzima. Kila mara ilikuwa wikendi, wikendi, na wikendi ikifika kuna palizi, kuna kwaya, kuna mgonjwa wa jirani. Kwa hiyo aliniita kando, akanipa redio yetu ndogo ya kaseti na kanda mpya ambayo haijarekodiwa, akaniambia nimrekodie kila kitu, hasa sauti ya kukhu, yaani nyanya yetu, aliyekuwa anaishi kwa khocha. Nikaapa. Tukapanda pikapu ya jirani, Wafula akipiga njuga njia nzima, na tulipofika Misikhu ndipo nikakumbuka kwamba kanda mpya nimeiacha Kitale, juu ya kabati la vyombo.

Mtoto mwenye akili angesema. Mimi niliona haya, maana nilikuwa nimejigamba kwa binamu zangu wote kwamba mimi ndiye mrekodi. Nikaingia chumbani kwa khocha, nikapekua kanda zake. Zote zilikuwa na lebo nzuri isipokuwa moja iliyokuwa uchi, plastiki imekwaruzwa hadi imefifia. Nikajiambia hii ni takataka, hakuna atakayeitafuta. Vitundu viwili mgongoni mwake vilikuwa wazi, na nilijua vizuri maana yake: kanda hiyo si ya kurekodi juu yake. Lakini nilijua pia dawa yake. Nikatafuna kipande cha karatasi ya daftari, nikaziba. Sikufikiria hata kidogo kwamba kanda hupoteza lebo kwa kushikwa kila siku.

Nikarekodi njuga, nikarekodi khocha akimfokea Wafula na ukanda wa nyama ukidondosha mafuta kifuani mwake. Kisha nikamfuata kukhu jikoni. Alikitazama kile kidude akauliza kama kinakula maneno. Nikamwambia kinakula na kutapika. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

"Mwambie mama yako nimemngoja," akasema. "Miguu imekataa, ningeenda mimi. Aje kabla mahindi hayajavunwa."

Jioni ile ile, wageni wakiwa bado wanakula, khocha akaikuta kanda yake ya rege ndani ya redio yetu, akaiwasha toka mwanzo ili awachangamshe. Nyimbo za mwanzo zikaenda vizuri. Ulipofika wimbo wa nne upande wa pili, ule uliokuwa ukimfanya afumbe macho, zikalia njuga. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaichomoa kanda, akaona karatasi yangu, akanigeukia. Sikupigwa, na afadhali ningepigwa. Aliniambia anakwenda kuitupa jikoni iungue, na nisikanyage tena chumbani kwake. Wafula alisimama kama mwanamume kesho yake kwetu Kitale, watu wakashangilia, na mimi nilikuwa nyuma ya choo nikilia.

Mama aliponiuliza, nilisema mashine ilikataa. Akasikitika kidogo, akaniuliza kukhu alisema nini. Nilikuwa na maneno yale yote mdomoni. Lakini niliona nikianza kuyasema nitaulizwa aliyasema wapi, lini, na kanda iko wapi, na kila kitu kitafumuka. Nikajibu kwamba anasalimia. Novemba, mahindi yakiwa yamejaa uani, tukaitwa Misikhu kumzika.

Miaka sita nilibeba jambo hilo. Nikiwa sekondari, siku moja mtangazaji wa redio akasema albamu ile imetolewa upya, kwenye sidii, imesafishwa, nyimbo zote zikiwa kamili kama siku ya kwanza. Nilihangaika Kitale nzima, duka hadi duka, mpaka nikaipata. Nikaipeleka Misikhu mwenyewe. Khocha alikuwa amezeeka ghafla. Akaicheza kwa redio ya jirani, akasikiliza wimbo wa nne hadi mwisho, akashukuru kwa adabu kama mtu aliyeletewa soda asiyoitaka. Kisha akaenda chumbani, akarudi na ile kanda yake isiyo na lebo. Vitundu mgongoni vilikuwa wazi tena. Karatasi yangu alikuwa ameing'oa.

"Ningechoma vipi sauti ya mama?" akasema. "Siku ile nilishindwa tu kuitupa, na sauti yake nilikuja kuisikia baada ya mazishi. Sikuwa na uso wa kumpelekea dada yangu. Mpelekee wewe."

Mama aliisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, mlango umefungwa. Njuga, khocha, kicheko, kikohozi, kisha yale maneno. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia tena, na tena, hadi betri zikaanza kuivuta sauti ya kukhu ikawa nzito kama ya mwanamume. Hapo akaizima mwenyewe.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Ungeniambia kwa mdomo."

Hakulitaja tena jambo hilo, hata mara moja. Nilitaka sana alitaje.

Siku hizi ninafanya kazi ofisini hapa Bungoma, na albamu nzima iko kwenye simu yangu, safi, bila mvumo wowote. Wimbo wa nne ukifika mahali pake, bado huwa nazingojea njuga, na haziji, nami hubaki nimeshika simu nikihisi nimeibiwa. Kwenye simu hiyo hiyo mama hunitumia sauti yake kutoka Kitale. Magoti yanamsumbua, hatoki sana. Ya leo asubuhi ni fupi. Anasema hana shida yoyote, ananingoja tu. Nimeisikiliza mara mbili, kisha nikamjibu kwamba nitakuja wikendi. Hii ni wikendi ya tatu ninayomwahidi.