Mama Amelala Hapo

Haya ninayotaka kuwaeleza, ndugu zangu, nisingeyaandika kama si kwamba barabara yetu nzima ya Westlands inayajua tayari, na mpaka leo nikipita na mashine yangu ya kukata majani lazima mtu apaze sauti nyuma ya ua wa miti ya miiba ya kayaba aniulize, "Hezroni, mama ameamka?" kisha wacheke, na mimi nicheke pia maana nifanye nini, basi afadhali myasikie kwangu mwenyewe kabla hamjayasikia kwa wapishi, ambao huongeza chumvi (ndiyo kazi yao).

Kazi yangu ni majani. Mwajiri wangu, Bwana Ramji, ana duka la vitambaa kule mjini, na ana nyumba za kupangisha, moja Ngong Road na mbili Westlands, ambazo hukaliwa na Wazungu wa maofisini. Wanakuja, wanaondoka, na mpangaji akishaondoka majani huota kama mtoto asiye na wa kumkanya. Mashine ni moja tu, ile ya kusukuma kwa mikono, yenye visu vinavyozunguka, kwa hiyo naisukuma barabarani toka nyumba hii hadi ile, napita nayo Kileleshwa inalia krrr krrr juu ya kokoto, na watu wananiambia, "Dereva, nipe lifti!" Nilisoma mpaka darasa la nne kule Bunyore, nikaja Nairobi na ndoto yangu: siku moja niwe na mashine yangu mwenyewe, halafu mbili, halafu vijana wa kazi nyuma ya lori lenye jina langu ubavuni. Ndoto hiyo nilimweleza kila mtu, yaani niliieleza mashine, maana mtu hakuwapo.

Hilo la kukosa mtu ndilo lililoniponza. Nyumbani ukiamka asubuhi umeshaamkuliwa na watu wengi kabla hujanawa uso. Westlands unaamkuliwa na mbwa, na yeye hakuamkui kwa heri. Nyumba niliyokuwa nalala (chumba cha boi, nyuma kabisa, karibu na bomba) ilikuwa imekaa tupu tangu mvua zianze, na kuna wiki zilipita sijasikia jina langu likitajwa na mtu yeyote isipokuwa Bwana Ramji, na yeye alilitaja kwa kupiga kelele. Jioni nilikuwa nakaa kizingitini nasikia wapishi na mayaya wa nyumba za jirani wakicheka ng'ambo ya ua, nami nacheka nao peke yangu, bila kujua kilichochekesha.

Basi Bwana Ramji akaja siku moja na gari lake akasimama kwenye lango, hakushuka, akasema, "Hezroni! Mpangaji anakuja kuangalia nyumba. Majani yote kata, yote-yote, iwe kama zulia."

Nikaanza kukata. Sasa, sisi wa kazi hii tunakata kwa kuzunguka, unaanza ukingoni unakwenda mviringo, mviringo, unaingia ndani kidogo kidogo mpaka unamalizia katikati. Ni kazi nzuri, unajisahau. Lakini ina ubaya mmoja ambao sikuwa nimeufikiria: kila kilicho hai ndani ya majani kinakukimbia kikielekea katikati, na wewe unakifuata. Nilipobakiza kichaka kidogo tu, kirefu kama mkeka wa mtu mmoja, nikasikia kitu kinalia taratibu mle ndani. Nikapiga magoti, nikatenganisha majani kwa vidole. Kware! Mama kware, amelalia mayai yake, ananitazama kwa jicho moja wala hasogei, ila kifua kinapiga haraka haraka.

Sikumfukuza. Labda ni lile jicho. Nikamwambia, "Shikamoo, mama," nikarudisha majani yalivyokuwa, nikaisukuma mashine pembeni.

Sasa tazameni jinsi mtu anavyojichimbia shimo kwa moyo mwema. Kwanza niliogopa mbwa, nikachukua yale mawe yaliyopakwa chokaa yaliyopangwa kando ya njia ya gari, nikayapanga kukizunguka kile kichaka. Halafu nikaogopa paka, nikakata matawi ya lile ua la miiba linalopanda ukutani, lenye maua mekundu, nikayalaza juu. Nikarudi nyuma nikaangalia kazi yangu nikaona ni nzuri sana. Haikunipitia akilini kwamba kichaka kirefu kama mtu, chenye mawe meupe pande zote na maua juu yake, kikiwa mbele ya nyumba, kwa watu wa kwetu tunaozikana uani, kinafanana na kitu kimoja tu.

Jioni ile ile Mzee Zakaria akachungulia juu ya ua. Huyu ni mpishi wa nyumba ya pili, mtu wa kwetu, mfupi, mwenye sauti ya mhubiri, na alikuwa hajawahi kunisemesha. Akatazama mawe, akatazama maua, akauliza, "Kijana, pale pana nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mdogo. Kama mnavyojua, watu wa kwetu na kware ni mambo ya sufuria. Mtu wa magharibi akiambiwa pana kware, mate yanatangulia. Nikaona nikimwambia kweli, kesho mama wa watu yuko kwenye ugali. Nikafikiria haraka haraka, nikasema jambo ambalo si uongo (nilijisifu moyoni kwamba si uongo):

"Mzee, tafadhali usipite pale. Mama amelala hapo."

Mzee Zakaria akavua kofia. Akaondoka, na mimi nikafikiri, lo, mzee mwenye adabu, hata kware anamvulia kofia!

Asubuhi yake akaja langoni amebeba birika la chai na mkate uliofunikwa kwa kitambaa cheupe. Akaviweka chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Hezroni," akasema, (Hezroni! alikuwa analijua jina langu), "pole sana, mwanangu. Mama mzazi hana mbadala."

Nikafungua mdomo nimwambie ni ndege. Naapa nilifungua. Lakini chai ilikuwa inatoa moshi, na ile mikono yake ilikuwa bado imenishika, na tangu nifike Nairobi hakuna aliyekuwa amenishika mkono namna ile. Mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo bila sauti, na yeye akaona ni uchungu.

Akaninong'oneza, "Alikuja kukutembelea bila karatasi, eh? Ukaogopa askari?"

Sikusema ndiyo. Nilipumua tu. Lakini Mzee Zakaria aliielewa ile pumzi kuliko nilivyoielewa mimi, maana siku hizi za Hali ya Hatari mtu bila karatasi zake hata akifa ni kosa, na mpaka adhuhuri barabara yote ilikuwa na hadithi kamili: mama mzee katoka Bunyore kwa treni kumwona mwanawe wa pekee (tuko saba), akafia kwenye chumba cha boi, mtoto akamzika mwenyewe gizani, kimya kimya, bila hata wimbo mmoja.

Na watu wakaja. Ndugu zangu, walikuja! Mama Rebeka, yaya wa nyumba ya kona, mwenyeji wa Machakos, aliniletea muthokoi, mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, kwenye sufuria akakaa na mimi kizingitini mpaka nikamaliza, akawa ananisimulia alivyozikwa mama yake yeye, akalia, na mimi nikalia pia, machozi ya kweli, ila yalikuwa ya kitu kingine. Dobi mmoja akanipigia pasi shati bila kuniomba chochote. Kila jioni kulikuwa na mtu. Waliniuliza nina ndoto gani maishani, nikawaeleza habari za lori, na hakuna aliyecheka. Mimi, aliyekuwa akizungumza na mashine! Wakishaondoka nilikuwa nakwenda kuinama kwenye kichaka namwambia kware, "Mama, vumilia, totoa upesi, nikishawaambia kweli wote hawa watakwenda." Kisha nalala nikijiahidi kesho nitasema. Kesho inaletwa mihogo ya kuchemsha.

Jumapili mchana, baada ya kazi za jikoni kwisha, nikaona lango linafunguka na wanaingia kwa mstari, wamevaa nguo za kanisani, Mzee Zakaria mbele ameshika kitabu cha nyimbo. "Mwanangu," akasema, "mama yako hakuimbiwa. Leo tutamwimbia."

"Mzee, hapana, si lazima..."

"Lazima sana."

Wakakizunguka kichaka. Wakaimba, na mtu akisikia wapishi wa Westlands wakiimba sauti nne anaweza kuamini lolote. Mimi mwenyewe nilianza kumwonea huruma marehemu. Mzee Zakaria akaomba kwa sauti yake ya mhubiri, "Ee Bwana, huyu mama aliyelala hapa, aliyemlea mtoto huyu kwa jasho lake..." na kila mtu akasema amina, nami nikasema amina, huku nikiomba yangu: Ee Bwana, kware asilie.

Hapo ndipo gari la Bwana Ramji likaingia.

Alishuka yeye, akashuka Mzungu mrefu, akashuka memsahib, mkewe, mwenye kofia pana ya majani makavu. Nyimbo zikakatika. Bwana Ramji akatazama umati, akatazama mawe yake ya chokaa, akashika kichwa.

"Hezroni! Nini hii? Nani amekufa kwa nyumba yangu?"

Watu wote wakanitazama mimi. Mzee Zakaria akajisogeza akasimama mbele yangu, mtu mfupi vile, akasema, "Bwana, kosa si lake. Mama yake amelala hapa. Ukitaka kuita askari, uniite mimi kwanza."

Nisikilizeni. Ningeweza kuvumilia kelele za Bwana Ramji. Ningeweza kuvumilia kufukuzwa. Lakini yule mzee kusimama pale kwa ajili yangu, kwa sababu ya ndege, hilo lilinishinda. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Ni ndege."

"Ndege?" Bwana Ramji akatazama juu mbinguni. "Ndege imeanguka hapa?"

"Kware, bwana. Mama kware. Analalia mayai."

Mzee Zakaria akageuka polepole, akanitazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akainama, akatenganisha yale maua kwa ncha ya fimbo. Prrrrr! Kware akaruka kama amepigwa kwa manati, akapita kwenye kilemba cha Mama Rebeka, Mama Rebeka akapiga ukelele akakaa chini puu, kitabu cha nyimbo kikaanguka, na yule ndege akapita juu ya ua wa kayaba akapotea. Memsahib akacheka mpaka akashikilia kofia. Alikuwa anacheka peke yake.

Watu wangu wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana, na ningeshukuru kama wangenitukana. Mama Rebeka alijipangusa majani kwenye gauni lake, akaingia chumbani mwangu, akatoka na sufuria yake, akapita bila kunitazama. Mzee Zakaria alibaki wa mwisho.

"Tulikulilia," akasema. "Mama yako mzazi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzee. Mzima."

"Anajua kwamba umemzika?"

Akaokota kitabu chake akaenda zake.

Nilikaa kizingitini nikingoja kware arudi. Hakurudi. Mpaka giza linaingia nilikuwa nimegusa yale mayai mara nyingi, na kila nikigusa yalikuwa yamepoa zaidi. Ng'ambo ya ua watu walikuwa wanacheka, na safari hii nilijua kinachochekesha. Jumatatu nikarudisha mawe kando ya njia, nikazika mayai chini ya ua wa kayaba (maziko ya kweli, bila wimbo), nikapitisha mashine pale katikati. Ikawa kama zulia. Yule memsahib alipanga nyumba, tena akamwambia Bwana Ramji asimfukuze boi wa ndege, kwa hiyo kazi ninayo. Kazi haikuwa shida yangu.

Shida yangu ilikuwa ule ua. Nilikaa siku nyingi nikipita pale kichwa chini, halafu jioni moja nikaona heri aibu kuliko kimya, nikaenda mpaka mlango wa jikoni wa Mzee Zakaria, mikono mitupu, bila msiba wowote. Alikuwa anamenya viazi.

"Mzee," nikasema, "sina jambo. Nimekuja tu kukaa, kama inaruhusiwa."

Akaendelea kumenya. Alimenya kiazi kizima, akakitia kwenye maji, akachukua kingine. Nikadhani ndilo jibu, nikageuka niende.

"Mwezi ujao nakwenda nyumbani likizo," akasema bila kuinua macho. "Tutakwenda wote, ukamwone mama yako kabla hatujamzika tena. Utaomba ruhusa?"

"Nitaomba."

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: kuanzia sasa kilicholalia mayai nitasema kimelalia mayai, hata kama anayeuliza ameshika sufuria na chumvi. Na nikiwa na upweke nitasema nina upweke.

Mzee Zakaria akalisukuma debe tupu kwa mguu mpaka likanifikia miguuni.

"Keti basi," akasema. "Hapo hakuna aliyelala."