Cheche ya uunsi na picha ya mwisho ya Halima na dada yake: yaliyonikuta na kamera ya large format Garissa

Wakuu, poleni na kazi.

Naandika kutoka Garissa, feni inazunguka lakini inasukuma hewa moto tu. Nimechoka, ila nimeona niwaandikie kabla sijasahau mpangilio wa mambo. Nilichoona nitasema nimeona, na nilichokisia nitasema nilikisia.

Mimi ni mwandishi wa redio, kwetu Kitui. Kamera yenyewe ni large format, lile sanduku la zamani la filamu ya kipande kimoja kimoja, mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi kichwani. Niliinunua Nairobi kwa mzee aliyekuwa anafunga studio yake.

Najua mtauliza, si simu ipo? Nitafika hapo.

Kwa wanaoanza, acha kwanza niwape makosa yangu ya mwanzo, maana yamenilia filamu nyingi.

Nilikuwa naweka filamu ikiwa imegeuka. Kila kipande kina vikato vidogo ukingoni. Gizani unavipapasa kwa kidole. Vikiwa kona ya juu kulia, basi upande wa kushika picha unakutazama wewe. Mimi nilikuwa nafikiri ni alama za kiwandani tu.

Kisha nikawa nasahau kufunga lenzi baada ya ku-focus. Navuta dark slide, lile bamba jembamba linalofunika filamu, mwanga unajimwaga ndani. Filamu inatoka nyeusi tii.

Na jasho, wakuu. Unaingiza mikono kwenye mfuko wa giza kupakia filamu, joto la huku linakuchemsha mpaka viganja vinaloa. Nimeharibu vipande kwa alama za vidole vyangu mwenyewe.

Hayo nikayashinda, nikadhani nimeiva.

Sasa, Halima ndiye anayenipangisha chumba. Dada yake mkubwa, Dahabo, ameishi kambi ya wakimbizi ya Dadaab miaka mingi. Miezi michache iliyopita jina lake likatoka: yeye na watoto wake wanahamishiwa nchi ya mbali, kuishi huko moja kwa moja. Akapata kibali cha kuja Garissa kumuaga mdogo wake. Alale, kesho arudi.

Halima akanijia.

"Waryaa, wewe na sanduku yako. Nataka bicha ya karatasi, mimi na Dahabo. Ya simu nimechoka nayo."

Picha za marehemu mama yao zilikuwa kwenye simu. Simu ikaibiwa sokoni, na sura ya mama ikaenda nayo. Ndiyo maana hakutaka ya simu.

Nilikuwa nimebakiwa na vipande vinne vya filamu. Nyingine hadi Nairobi.

Siku hiyo Halima aliwasha uunsi. Kwa wasiojua, huku mgeni wa maana hapokelewi bila huo ubani. Makaa yanawekwa kwenye chetezo, nguo zinafukizwa, nyumba nzima inanukia. Mimi nilikuwa nimeiacha kamera mkekani, imefunguliwa, ile ngozi yake yenye mikunjo kama kodiani imevutwa yote. Nikaingia ndani kupakia filamu.

Nikatoka nikakuta kamera imesogezwa kando ya chetezo, na kitambaa changu cheusi kimetandazwa juu ya moshi.

"Kitambaa yako ilikuwa inanuka kama ngamia," Halima akasema. "Nimeifukizia. Na huyu mzee yako pia." Akaipapasa kamera.

"Sasa itaona fizuri," Dahabo akadakia, wakacheka wote wawili.

Nami nikacheka. Sikukagua kitu.

Nikawaweka barazani, kwenye kivuli. Vipande vitatu vya kwanza walikaa kama wanapigwa picha ya kitambulisho, hakuna aliyepepesa jicho. Kila mara niliondoa kitambaa kwanza, nikakitupa begani, kisha nikapiga. Kipande cha nne nilikuwa hoi. Kitambaa nikakiacha kimelala juu ya kamera. Nilipofyatua tu, Dahabo akanyoosha mkono kumrekebishia Halima shungi.

"Usitikisike!" Nimechelewa. Nikajua hicho kimekwenda.

Kesho yake asubuhi Dahabo akapanda basi kurudi Dadaab. Adhuhuri ndipo nilipozisafisha filamu, bafuni.

Vipande vitatu vya kwanza vina mchirizi mweusi. Kwenye karatasi unageuka mweupe, na umepita katikati ya uso wa Dahabo.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya bafu. Kisha nikaanza kupembua. Nilishuku holda, vile vibebeo vya filamu, lakini nilitumia viwili na mchirizi uko palepale. Nikashuku dawa, lakini kipande cha nne kilipita dawa ileile na ni safi. Ikabaki kamera. Nikazima taa, nikaingiza tochi ndani yake.

Juu ya ngozi, nukta moja ya mwanga. Kitundu cha duara, kingo zimeungua. Nikakinusa: uunsi.

Cheche iliruka sikuiona, hilo nakisia. Ila kile cha nne kilipona kwa sababu kitambaa kilikuwa kimeziba tundu.

Halima alikuwa mlangoni.

"Hiyo ni moto yangu?"

"Ni mimi niliyeacha kamera wazi."

"Sijakuuliza hiyo." Akaegemea ukuta. "Bicha yote imekufa?"

Nikamchapia cha nne, ukubwa wa kiganja. Dahabo ametazama upande, mkono wake umekuwa ukungu kwenye shavu la Halima. Nikaanza kuomba radhi kwa ule ukungu.

"Nyamaza," akasema. Akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. "Huyu ndiye Dahabo. Hata kwa ndege atakuwa anarekebisha watu shungi."

Sasa Dahabo na watoto wake wameshasafiri kwenda huko mbali.

Nilichojifunza: kabla ya kazi, ingia gizani na tochi, kagua mikunjo yote, hasa kwenye kona. Kamera isiyotumika ifungwe. Na kitambaa kiache juu ya mikunjo unapopiga, hata kama huna shida yoyote.

Tundu nimeliziba kwa tepu nyeusi, lakini joto la hapa linayeyusha gundi, kila wiki nabandika upya. Mwenye kujua gundi inayostahimili, aandike hapa chini. Na wewe uliyepoteza picha isiyoweza kurudiwa, tueleze ilikuwaje.

Niwaache, Halima ananiita. Anataka kufukiza nguo, na siku hizi hawashi makaa mpaka nije niishike ile picha, nikasimame nayo nje ya geti.