Enter za Hadithi ya Babu

Bibi alipokuja Sumbawanga kutibiwa macho, aliniomba kitu kimoja tu: nimwekee hadithi za babu kwenye simu. Babu alishafariki. Enzi za uhai wake baba alimpeleka kwenye duka la stationery, yeye akasimulia kwa Kifipa, dada wa pale akachapa, faili likabaki kwenye flashi. Karatasi bibi hazioni tena. Kwenye simu herufi unazikuza hadi zinakuwa kama vifungo vya koti. Jumapili alikuwa anarudi kijijini, na huko alitaka awasomee wanawake wa jumuiya yake.

"Si unazijua, bibi? Simulia tu," kaka alimwambia.

"Zangu nazijua. Hizi nataka kwa maneno yake yeye."

Laptop ilikuwa ya baba mdogo. Programu ya kugeuza faili kuwa app alinipa mwalimu wa kompyuta, baada ya mimi kuzungukazunguka mlango wa ofisi yake kwa aibu mpaka akadhani nimetoroka kipindi. Ukielezwa, ni kazi rahisi: unaingiza faili, unaweka jina, unabonyeza, unasubiri. Ukiifanya, umeme unakatika katikati na unaanza upya. Kaka anapita nyuma yangu: "Vipi, injinia, bado inaatamia?" Nilitamani nimrushie ile flashi.

Ijumaa app ikatoka. Bibi akajifunika blanketi, akasogea kwenye jiko la mkaa, mama na jirani yetu wakakaa kumsikiliza. Kwetu hadithi haisikilizwi kimya. Msimuliaji akipumzika, mnaitikia.

Kumbe dada wa stationery alikuwa amebonyeza Enter kila alipofika mwisho wa mstari, kama watu wa mashine za taipu. Kwenye karatasi huoni tatizo. Kwenye kioo cha simu, herufi zikiwa kubwa, sentensi zilikuwa zimekatwa vipandevipande. Na bibi ni mtu wa kuongoza sala. Mstari ukiisha, anapumua. Alisoma kwa Kifipa, lakini ilikatika hivihivi:

"Fisi akamwambia mke"

"Eee!"

"wake lete"

"Eee!"

"Alete nini, jamani?" jirani akauliza, na wote wakacheka mpaka bibi akafuta machozi kwa ncha ya blanketi.

Mimi sikucheka. Nilirudi kwenye laptop nikaiamuru iondoe Enter zote kwa mkupuo, nikatengeneza app upya. Jumamosi bibi akasoma tena. Safari hii hakuna aliyeitikia, maana hakuna aliyepata nafasi. Maneno yalikuwa yameshikana kama ugali, bibi akaishiwa pumzi, akapotea mstari, akaishusha simu.

"Babu yako hakuwa anakimbizwa na mtu," alisema.

"Sasa mimi nitajuaje alikuwa anapumzika wapi? Nilikuwa mdogo!"

Sauti ilitoka kubwa. Sijawahi kumpandishia bibi sauti. Hata darasani sauti yangu huwa haifiki dawati la mbele. Mama akanikazia macho. Bibi wala hakujali.

"Na aliyekuwa anamwitikia miaka yote ni nani kama si mimi? Soma, mke mwenzangu."

Nisome mimi! Kifipa changu ni cha kuelewa, kukitamka naona haya. Nikaanza huku masikio yanawaka. "Mfipa wa wapi huyo?" kaka akauliza mlangoni, mama akamfukuza na mwiko. Bibi alifumba macho. Aliposema "Eee," nilibonyeza Enter. Nilipopitiliza, aliinua mkono: "Umempita. Rudi." Nilirudi, nimenuna. Alinirudisha hivyo jioni nzima.

Jumapili asubuhi ilikuwa imekamilika hadithi moja tu, ya fisi. Nilimwekea bibi app kwenye simu tukiwa stendi, upepo unatupiga.

"Na zile nyingine?"

"Zimeshikana, bibi. Zinakuhitaji wewe."

Bibi akapanda basi. Mimi nilibaki nimesimama na hasira zangu: kwa dada wa stationery, kwa umeme, kwa kaka. Dirishani nilimwona ameshafungua simu, midomo inacheza, kisha ananyamaza kidogo, kisha inacheza tena. Mwanamume aliyekaa pembeni yake alikuwa anamtazama tu, hajui kwamba anatakiwa kuitikia.