Baruti ya Ardis

Risasi ya tatu haikulia. Ilitoa pumzi tu, puf, kama mtu aliyetaka kukohoa kanisani akajizuia, na kidole cha Milo Haugen kilikuwa kimeshaanza kuivuta ya nne.

"Simama, Milo! Hapo hapo! Weka chini!"

Aliyepiga ukelele ni Delbert Zastrow, aliyekuwa akilenga shabaha ya jirani. Chumba kizima cha chini cha klabu ya kulenga shabaha kikaacha kupiga. Milo akailaza bastola mezani taratibu, akarudi nyuma hatua moja. Hakuhitaji kuelezwa. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu, na kama ya nne ingetoka ikakigonga kwa nyuma, bastola ingempasukia mkononi.

Walikitoa kwa kijiti cha mbao na nyundo ndogo. Kisa chake kilijulikana na kila aliyesimama pale: ndani ya ganda lile hamkuwa na baruti hata chembe. Fataki ya kitako peke yake ndiyo iliyokisukuma kichwa mpaka pale kikachoka. Na aliyeijaza risasi ile, kwa mikono yake, nyumbani kwake, ni Milo.

Siku nyingine Delbert angepata la kusema mpaka majira ya kuchipua. Huyu ni mtu aliyewahi kumtania Milo mwaka mzima kwa kosa la kuja klabuni na soksi mbili za rangi tofauti. Lakini jioni ile alikifuta kile kijiti kwa kitambaa, akasema, "Barabara inateleza, nenda polepole," akarudi kwenye nafasi yake. Kunyamaziwa kule kulimuuma Milo kuliko ambavyo kuchekwa kungemuuma.

Nyumbani aliketi jikoni na koti lake bado mwilini. Alijua kilichotokea, na sababu yake aliijua tangu vuli. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, limeuliwa na presha ya macho. Hakumwambia mtu. Kulenga shabaha jicho moja linatosha, wengine hata hulifumba la pili kwa makusudi. Lakini kuchungulia ndani ya ganda jembamba ujue baruti imefika wapi, hapo yanatakiwa mawili. Kwa moja, ganda lenye baruti na ganda tupu yote ni kiza. Milo alikuwa akijiambia kwamba mkono umezoea, mkono haukosei. Mtu mzima akiamua kujidanganya hakosi hoja.

Na ilikuwa aibu kwake zaidi ya watu wengine, maana Milo alikuwa mtu wa vipimo. Maisha yake yote alifanya kazi katika kiwanda cha jibini, kwenye vilima vile vya kusini-magharibi mwa Wisconsin ambako ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura. Chumvi yake haikuzidi, joto la maziwa yake halikupungua. Hata meza yake ya kujazia risasi, kule chini ya nyumba, kati ya friza la nyama ya kulungu na mitungi ya matango ya siki, ilikuwa safi kama meza ya kukatia jibini. Kila Jumapili baada ya ibada alishuka huko, akafuta maganda, akatia fataki, akatia baruti, akakandamiza vichwa, huku Ardis akipita juu ya kichwa chake jikoni, mbao zikilia kwa kila hatua.

Ardis alikuwa mkewe, na baruti aliyoitumia Milo ilikuwa yake, yeye ndiye aliyeichagua. Majira ya baridi ya kwanza ya ndoa yao alimfuata Milo klabuni, akapiga risasi moja ya zile alizokuwa akizijaza Milo wakati huo, akaiweka bastola chini.

"Milo," alisema, "huu si mchezo. Hili ni teke la ng'ombe."

Alizaliwa kwenye zizi, mateke ya ng'ombe aliyajua. Basi Milo akaanza kutafuta. Risasi ya kulungu unaitaka iende kwa ghadhabu. Ya mazoezi unaitaka iende kwa adabu, ifike kwenye karatasi, itoboe, basi. Kila Jumatano, siku ya klabu, alikuja na chache za aina hii na chache za aina ile, na Ardis akazihukumu kama anayeonja supu. Baruti moja ilikuwa laini na nzito kama pilipili ya kusaga: "Hii inanigombeza." Nyingine ilitoa moshi na masizi: "Hii chafu, angalia mikono yangu." Nyingine ilikuwa nzuri ndani ya nyumba, lakini kwenye baridi ikawa leo hivi kesho vile, kama mchumba asiyeeleweka.

Theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka alipompelekea ile ya mwisho. Baruti yake ilikuwa vipande vipana, vyepesi, kama pumba. Iliteketea kwa upole, na ilijaza nafasi kubwa ndani ya ganda, hata mjazaji akisahau akatia mara mbili ilifurika juu ya meza ikamuumbua pale pale. Vichwa vyake vilikuwa vya madini laini, vyenye uso bapa, na badala ya kuichana karatasi viliikata tundu la duara. Ardis hakupenda kuvaa miwani mbele za watu. Matundu yale aliyaona kutoka aliposimama.

"Hii," alisema. "Hii naipiga jioni nzima, kisha narudi nyumbani nakanda mkate."

Tangu siku ile Milo hakubadilisha baruti wala kichwa.

Klabuni kwao kulikuwa na kanuni moja ambayo haikubandikwa ukutani kwa sababu haikuhitaji. Mwenzako utamwazima gari, utamwachia funguo za nyumba, utakula soseji yake bila kuuliza imetengenezwa kwa mnyama gani. Risasi aliyoijaza yeye huipigi. Kibaya chako si chema cha mwenzio. Ardis peke yake ndiye aliyepiga risasi za mkono wa mtu mwingine, na mgeni mmoja alipomuuliza kama haogopi, alimtazama kwa huruma.

"Milo anakula ninachopika kila siku," alisema. "Hajaniuliza hata mara moja nimetia nini."

Delbert ndiye aliyeicheka baruti ile kupita wote. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, na ugomvi wao ulianzia kwenye mlango wa kiwanda alfajiri, mipira ya kunyonyea maziwa ikiwa imefungwa, kila mmoja na kikombe chake. Delbert ni bahili, na hilo si tusi, mwenyewe alijisifia. Alitumia ile baruti ya pilipili kwa sababu ganda moja lilitaka chembe kidogo tu, na kopo lake lilikuwa kama chupa ya mafuta ya mjane wa Sarepta, haliishi.

"Unatia pumba, Milo. Wape kuku."

"Rahisi huvunja upishi, Delbert."

"Haba na haba, bwana. Siku nitakayotia pumba zako kwenye bastola yangu, nichimbieni kaburi."

Hivyo hivyo, kwa miaka arobaini, mpaka wakastaafu wote wawili, mpaka Ardis akaugua na vuli ile akaondoka duniani. Milo aliendelea kwenda Jumatano. Nafasi aliyozoea kusimama Ardis, ya mwisho karibu na bomba la joto, hakuna aliyesimama hapo, na hakuna aliyewaambia wasisimame. Alipopiga risasi zile alisikia mlio ule ule wa upole, na kwa muda wa mlio mmoja mambo yote yalikuwa kama zamani. Hicho ndicho alichokuwa akikifuata huko. Pointi alikuwa hazijali tena.

Sasa ile puf ilikuwa imemfungia mlango. Alijaribu kila njia. Alipima kila risasi kwenye mizani baada ya kuijaza, lakini vichwa vyenyewe vilipishana uzito kuliko baruti iliyomo, mizani isimwambie kitu. Alinunua risasi za kiwandani. Boksi moja tu, na kifundo cha mkono kikavimba kwa siku kadhaa, maana mifupa yake nayo ilikuwa imezeeka. Mwishowe alitandika shuka juu ya meza yake ya chini, akapanda ngazi, akazima taa. Jumatano moja hakwenda, na ya pili hakwenda.

Ya tatu, mchana ukielekea kuisha, alisikia mtu akipiga buti zake kwenye kizingiti kukung'uta theluji.

"Una kahawa?" Delbert aliuliza kabla hajaingia. "Au nayo umeizika?"

"Ipo ya asubuhi."

"Hiyo si kahawa, hiyo ni lami. Mimina."

Akaketi kwenye kiti cha kila siku, akatoa mfukoni mwa koti boksi la plastiki, akaliweka karibu na bakuli la sukari.

"Nini hiki?"

"Mayai. Nini hiki! Risasi, bwana. Za mkono wangu."

Milo hakuligusa. "Delbert, kanuni unaijua."

"Nilikuwepo kabla yako, usinifundishe kanuni."

"Na mkono wangu hauwezi tena pilipili zako. Kifundo kimekwisha."

"Nimekuuliza habari za kifundo? Nimekuletea kitu, unanipa habari za hospitali."

Milo alimtazama kwa jicho lake moja, na hapo akatambua kwamba mwenzake alikuwa akimtazama jicho lile lile, si jingine. Kumbe Delbert alikuwa ameshajua. Milo akainuka, akashuka chini, akarudi na nyundo yake ya plastiki, yenye uwazi ndani, ya kung'olea vichwa vya risasi zilizoharibika. Akatia risasi moja ndani yake, akaipiga sakafuni mara tatu.

"Mbele ya macho yangu!" Delbert alimwambia dari. "Mtu anapelekewa chakula, anakipeleka kwa mkemia!"

Milo akamimina kiganjani. Alitazamia chembe kidogo nzito, kama pilipili. Kikaja kilima kizima, chepesi, na alipokisugua kwa kidole gumba alivisikia vile vipande vipana vikiteleza kimoja juu ya kingine. Kichwa cha risasi kilikuwa bapa, laini, kikashika alama ya ukucha wake. Hakuhitaji jicho lolote. Aligeukia dirishani akalia, na sioni sababu ya kumfichia. Delbert akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Umeipata wapi?" Milo aliuliza hatimaye.

"Mjini, La Crosse."

"Na theluji ile?"

"Lini maziwa yalingoja theluji iyeyuke?"

"Na kipimo? Nani kakupa kipimo chake?"

"Miaka arobaini unatuimbia kipimo hicho kwenye kahawa. Ulidhani mimi kiziwi?"

Milo akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Ulisema siku utakayotia pumba kwenye bastola yako tukuchimbie kaburi."

"Nilisema yangu. Hii ni yako. Vaa viatu, tunachelewa."

Jioni ile Milo alipiga vibaya. Delbert hakumhurumia: risasi moja ilipokwenda nje kabisa ya duara aliutangazia ukumbi kwamba imetoka kwenda kununua jibini. Watu wakacheka, Milo akamwambia chakula kilikuwa kizuri ila mpishi ana kiherehere, na mlio ukaendelea, ule ule wa upole, mpaka boksi likaisha.

Jumatano iliyofuata Delbert akamsukumia boksi jingine juu ya meza ya klabu, huku akizungumza na mtu mwingine. Nyundo Milo alikuwa ameiacha nyumbani. Alilichukua boksi, akaenda kusimama kwenye nafasi ya mwisho karibu na bomba la joto, akafungua bastola, akaingiza risasi moja moja, wala hakumuuliza Delbert ametia nini.