Mkono wa Nyanya

Binti yangu alizaliwa miezi michache tu baada ya mama mkwe wangu kufariki. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, na husemwa kwamba mwenye jina amerudi. Hayo niliyachukua kuwa maneno ya kufurahisha wazee. Kisha nikauona ule mkono.

Mama mkwe alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wake wa kushoto ulijikunja, kidole gumba ndani ya ngumi, na hakutaka mtu auguse. Sasa mtoto alipofika umri wa kushika vitu, alinyoosha wa kulia tu. Wa kushoto aliubana kifuani, gumba ndani, vile vile kabisa.

Shangazi za mume wangu walifurahi. "Si ni yeye! Ati hata mkono amekuja nayo." Wakiingia chumbani walishusha sauti, wakamwamkia mtoto kwa heshima. Baba mkwe naye, mzee wa watu, alikuja kila asubuhi akishapeleka maziwa. Aliketi kando ya kitanda, akamwita "mke wangu" kama ilivyo desturi, akamweleza habari za kahawa na ng'ombe, kisha akanyamaza akingoja jibu. Mtoto alimkazia macho bila kupepesa. Mimi jikoni nilijikuta nimeacha kukoroga uji, nami nasubiri. Nilianza kumwogopa mtoto wangu mwenyewe, na hilo lilinikasirisha sana.

Siku moja nikajaribu kuvinyoosha vile vidole. Mzee akanizuia.

"Wacha. Hapendi kuguswa huko."

"Baba, huyu ni mtoto."

"Najua ni nani."

Basi kesho yake nilimbeba mgongoni nikaenda kliniki mjini Nyeri, wala sikuaga mtu. Daktari alimkunja na kumkunjua miguu, akauliza kama mkono wa kushoto huutumia. Nikasema hapana. "Mtoto mdogo hivi hachagui mkono," akasema. "Akichagua, kuna kitu."

Picha ya kichwa ilipotoka, akaniambia ni mtindio wa ubongo, yaani ubongo umeumia ukashindwa kuongoza viungo. Kuna watoto ambao viungo vyao hucheza vyenyewe, kuna wanaoyumba, na kuna wanaokakamaa misuli. Wangu alikuwa wa kukakamaa, upande mmoja. Chanzo kilikuwa damu iliyoganda ikaziba mshipa ubongoni, pengine kabla hajazaliwa.

"Ni kama kiharusi?" nikauliza.

"Ni kiharusi."

Nikamweleza habari za mkono wa mama mkwe. Daktari akasema hakikutoka kwa nyanya yake, watoto wachanga hukipata pia. Cha muhimu ni mkono ufanyishwe mazoezi kila siku kuanzia sasa, la sivyo utabaki umekunjamana hivyo.

Nilimweleza mzee yote, polepole, mtoto akiwa mapajani mwangu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hivyo si yeye?"

"Si yeye, Baba. Na tukiendelea kumwona yeye, huyu atapoteza mkono."

Nje ukungu ulikuwa umefunika kahawa yote. Mzee akauliza vidole hufunguliwa vipi. Nikamwonyesha, unaanza na gumba, bila kuvuta. Akavifungua kimoja kimoja, akilia waziwazi, nami nikakosa pa kuangalia. Nilikuwa nimemwomba amzike mkewe mara ya pili, na alikuwa akimzika.